Mississippi haikukataza, ilitoa fomu

Kila mazungumzo yakifika Marekani ya miaka ya 60, hakosi mtu wa kusema "sheria ilikataza weusi wa Kusini kupiga kura." Inanikera. Haikukataza! Ingethubutu kusema hivyo waziwazi, ingegongana na Marekebisho ya 15 ya katiba ya nchi, yaliyokuwapo tangu 1870 na yanayokataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi. Wakubwa wa Mississippi, jimbo mojawapo la Kusini, hawakuwa wajinga kiasi hicho. Walitengeneza fomu.

Unaingia ofisi ya karani wa mahakama ya kaunti kujiandikisha kupiga kura, unapewa karatasi yenye maswali 21. Jina, umri, unaishi wapi, nani amekuajiri. (Hilo la mwajiri lishike, lina kazi yake.) Kisha karani anakuchagulia kifungu kimoja kati ya 285 vya katiba ya jimbo. Unakinakili, unaeleza maana yake kwa maandishi, halafu unaandika wajibu wa raia ni upi. Anayesahihisha ni karani huyohuyo, na kigezo ni kwamba yeye aridhike. Basi! Mweupe aliweza kupewa kifungu cha 30, kisemacho kwamba mtu hafungwi jela kwa sababu ya deni, mstari mmoja tu. Mweusi aliangushiwa aya nzima ya kodi na kampuni ambayo hata wakili angeisoma mara mbili. Kaunti ya Forrest ilifelisha hadi walimu wenye shahada ya uzamili.

Haya, elimu ya weusi ilikuwa duni, sikatai. Huko Delta, ukanda wa pamba wa Mississippi, shule zao zilifungwa msimu wa pamba ili watoto wakavune. Lakini hesabu inawaumbua wanaojificha hapo: kabla ya sheria ya Agosti 1965 kusimamisha mitihani hiyo, weusi walioandikishwa jimboni walikuwa takribani asilimia 7. Kufikia 1967 walikaribia 60. Miaka miwili! Walisomea wapi haraka hivyo?

Mwaka 1962 bunge la jimbo likakaza kamba. Jina na anwani ya kila mwombaji vilichapishwa gazetini kwa wiki mbili, na karani alikatazwa kukueleza umefeli wapi, kwa kuwa eti huko ni kukusaidia. Mauaji nayo yalikuwapo, Herbert Lee, mkulima mweusi aliyesaidia kampeni ya kuandikisha wapiga kura, alipigwa risasi na mbunge wa jimbo mwaka 1961. Ila kwa siku za kawaida gazeti lilitosha, maana bosi naye anasoma.

Kwa Fannie Lou Hamer, mama mweusi aliyefanya kazi shamba la pamba, hata gazeti halikusubiriwa. Tarehe 31 Agosti 1962 watu 18 walipanda basi kwenda Indianola, mji wenye ofisi ya karani wa kaunti yao. Wawili tu waliruhusiwa kufanya mtihani siku ile, yeye akiwa mmoja wao. Akapewa kifungu cha 16, chenye Kilatini cha mahakamani, akafeli. Wakati wa kurudi, polisi wakalisimamisha basi. Kosa? Rangi yake ni njano mno, linafanana na basi la shule. Faini dola 100, wakashusha hadi 30. Sijui ni duka gani linauza njano ya halali.

Kufika nyumbani, mwenye shamba alikwishapata habari: kafute jina lako au uondoke. Miaka 18 ya kazi ikaishia hapo, akaondoka usiku uleule. Desemba akarudi kwa karani na kumwambia wataonana kila baada ya siku 30 mpaka apite. Kwani sasa angemfukuzisha kazi ipi? Akafaulu Januari 1963.

Uchaguzi ulipofika akaenda kupiga kura. Akaambiwa alete risiti za kodi ya kichwa, ile ya kulipia haki ya kupiga kura, dola 2 kwa mwaka, za miaka miwili iliyopita.