Antena Iliyosinzia Mbele ya Wageni

Kwa kuwa swahiba wangu amekwisha kuwatangazia kwamba nimechoma nyumba ya watu, naomba mnisikilize na mimi: moto haukuwapo, palikuwa na harufu ya plastiki tu.

Mimi hurusha mawimbi ya redio nyumbani ili kuzungumza na wenzangu wa mbali, na paa letu hapa Dar es Salaam halitoshi kwa antena ya waya wa mita 20 unaohitajika katika masafa ya megahezi 7, hivyo nikasokota waya mwembamba wa shaba kama springi kuuzunguka mpira wa kumwagilia maua, kisha nikaukunja mpira wenyewe ukawa ringi ya kipenyo cha mita 1. Ringi ndogo namna hiyo, ikiwa ya bomba nene la shaba, hufanya kazi katika upana wa masafa wa kilohezi chache tu, na ukiisogezea mkono inahama masafa. Yangu ilipita kilohezi 100, na mita ikasoma omu 50, ukinzani unaotakiwa na redio, bila kasoro. Nikaalika watu. (Wajuzi mlioanza kucheka, subirini kidogo.)

Nikafungulia wati 100, nikamwita mwenzetu wa Dodoma. Kimya. Nikaita tena, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Ndipo upande wa juu wa ringi ulipoanza kuinama, taratibu, kwa adabu, kama mzee anayesinzia katikati ya hotuba. Duara likawa duaradufu, duaradufu ikalalia ukuta, na muda wote huo sindano ya mita haikutikisika, nami nikiendelea kuwaeleza wageni kwamba upana ule wa bendi ndio ufundi wenyewe. Simu ikalia. Ni mwenzetu wa Dodoma: "Kaka, unaanza saa ngapi?"

Mgeni mmoja, mtu mzima asiye na haraka, akapiga hesabu nyuma ya risiti. Ukinzani wa mnururisho wa ringi ya ukubwa ule, yaani ule unaogeuza umeme kuwa mawimbi ya redio, ni kama omu 0.006, ilhali waya wangu, karibu mita 15 za unene wa milimita 1, ulikuwa na omu 3 na ushei za kuugeuza kuwa joto tu. Wati 99 na zaidi zilikuwa zikipasha mpira joto, na upana niliojivunia ulitokana na upotevu huohuo.

Mpira nimeutupa, bomba la shaba nimenunua, na swahiba sasa ananiita fundi pasi. Kapasita (kifaa cha kuilenga ringi kwenye masafa) ya ringi mpya italazimika kuhimili maelfu ya volti, na mke wangu ameshauliza kama hizo volti nazo zitalala sebuleni.