Siku nilipotia nanga Kisarawe

Mara yangu ya kwanza kupima jua kwa sekstanti, kifaa cha vioo kinacholishusha jua machoni hadi ukingo wa bahari ili usome pembe yake, nilikuwa Coco Beach, Dar es Salaam, saa tatu asubuhi, mawimbi yananilowesha vifundo vya miguu. Nikapiga hesabu, nikachora kwenye ramani mstari wa mahali ninapoweza kuwa, mstari ukapita Kisarawe, bara. Huko chombo hakifiki ila kimepakiwa kwenye lori.

Nikailaumu sekstanti yangu ya plastiki. Kumbe hesabu hutegemea saa kamili ya kipimo, na saa yangu ya mkononi ilikuwa mbele kwa sekunde 50. Kila sekunde 4 dunia huzunguka dakika moja ya longitudo (sehemu ya 60 ya nyuzi), na kwetu huku karibu na ikweta dakika hiyo ni kama maili moja ya bahari. Gawanya mwenyewe: maili 12 na nusu, nchi kavu kabisa.

Ndiyo maana huwa nawacheka wanaojinyima ili wanunue sekstanti ya shaba. Ni kweli, plastiki hucheza na joto na sifuri yake huhama. Basi ikague kila unapopima: weka kwenye sifuri, tazama ukingo wa bahari, na ukiuona umekatika vipande viwili, zungusha skrubu mpaka viungane, kisha soma kosa lako. Hakuna siri nyingine.

Kinachowaangusha wengi ni mkono. Pembe inatakiwa ipimwe wima, na mtu akiwa ufukweni, sembuse juu ya jahazi linaloyumba, hajui wima iko wapi. Jua likiwa nyuzi 45, ukiinamisha sekstanti nyuzi 5 tu, kipimo kinazidi kwa dakika kama 13 za pembe. Kwa hiyo ipembeze taratibu kushoto na kulia, kama unayembembeleza mtoto. Utaliona jua likichora upinde. Pale chini kabisa, ukingo wa jua ukilamba maji kidogo tu, ndipo usome saa. Mimi nilifanya zoezi hilo wiki nzima bila kuandika namba hata moja, na sijutii.

Halafu usipime mara moja. Pima mara tano ndani ya dakika chache, uweke nukta kwenye karatasi ya grafu. Asubuhi zinatakiwa zipande kwa mstari karibu ulionyooka, iliyojitenga itupe. Wako wanaojumlisha zote na kugawanya kwa tano. Sikubaliani nao, maana nukta moja mbovu huziharibu nne nzuri.

Na chagua saa yako. Jua likiwa chini ya nyuzi 15 hewa hupinda mwanga kupita kiasi. Alasiri Coco Beach jua liko nyuma ya majumba, bahari iko mbele, huna cha kupima. Karibu na tarehe 10 Oktoba, adhuhuri, jua la Dar linasimama utosini, pembe yake karibu ile ile kila upande. Nililishusha mpaka majini, nikapembeza, likateleza ukingo mzima kutoka kusini hadi mashariki bila kuonyesha upinde wowote. Nikafunga sanduku, nikaenda kununua mihogo ya kuchoma.