Pesa ya materneli: tuulize Zambia wamefanyaje

Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure Kongo, kama Katiba ya 2006 ilivyotaka katika kifungu cha 43. Mwaka uliofuata Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 800 kusaidia mpango huo. Wanangu wamefaidika, kwa hiyo siibezi gratuité, yaani elimu hiyo ya bure. Ila kifungu kile kinataja shule ya msingi tu. Materneli, yaani shule ya watoto wadogo kabla ya darasa la kwanza, imeachwa nje, na kila mzazi wa Lubumbashi anajua maana yake: ukitaka mtoto wa miaka minne aanze kushika kalamu, tafuta promota, mwenye shule ya binafsi, na uandae pesa.

Vuka mpaka wa Kasumbalesa uone wenzetu wa Zambia. Mwaka 2004 Zambia iliitoa elimu ya awali wizara ya serikali za mitaa na kuikabidhi wizara ya elimu, kisha madarasa ya watoto wadogo yakaanza kufunguliwa ndani ya shule za msingi zilizokuwepo. Januari 2022, serikali ya Rais Hichilema ilipofuta ada katika shule za umma, haikuanzia darasa la kwanza, ilianzia chekechea. Mwaka huohuo ikaajiri walimu zaidi ya 30,000 wa ngazi mbalimbali.

Sasa, ukilinganisha asilimia za bajeti nzima ya elimu unaweza kujidanganya. Zambia ilikuwa karibu asilimia 10 mwaka 2022, ikapanda hadi kama 15 mwaka 2024. Kongo imekuwa na miaka ambayo bajeti iliyopigiwa kura iliipa elimu karibu sehemu moja ya tano. Kwenye karatasi tunawashinda! Lakini bajeti iliyopigiwa kura si lazima iwe ndiyo iliyotoka, na jumla hiyo kubwa haikuambii kama hata franka moja ilimfikia mtoto wa miaka mitano.

Tena kuna pesa ambayo haimo katika hesabu hizo kabisa: ya wazazi. Nimeona orodha ya mahitaji ya materneli moja ya Katuba, hapa Lubumbashi. Ada ya kila muhula, unifomu, rimu mbili za karatasi, sabuni, karatasi za chooni, penseli za rangi. Chini kabisa mtu ameongeza kwa kalamu: na kiti kidogo cha plastiki. Yaani mtoto analipa ada, halafu anakuja na kiti chake. Familia ya mchuuzi wa makaa ikiona orodha hiyo inaikunja tu, mtoto anabaki uani. Ndiyo maana watoto wanaopita materneli nchini hawafiki mmoja kati ya kumi.

Sisemi Zambia ni peponi. Ada ilipofutwa madarasa yalifurika. Na nchi maskini kwa wastani, UNICEF ilisema mwaka 2019, hutoa kama asilimia 2 tu ya pesa ya elimu kwa elimu ya awali, wakati mkutano wa UNESCO wa Tashkent wa 2022 kuhusu elimu ya awali uliweka lengo la angalau asilimia 10. Wote tuko mbali. Tofauti ni kwamba mzazi wa Chililabombwe, ng'ambo ya mpaka Zambia, ana mlango wa serikali wa kugonga.

Huku kwetu mlango pekee wa bure ni darasa la kwanza, basi wazazi wanamwingiza humo mtoto ambaye hajafikisha miaka sita. Mwalimu ana umati mbele yake, nusu hawajawahi kushika kalamu. Mwisho wa mwaka wengi wanarudia, na serikali inalipia darasa lilelile mara ya pili. Hiyo nayo ni gharama ya materneli, ila imeandikwa kwa jina lingine.

Mimi ningeanza na mwaka mmoja tu, wa watoto wa miaka mitano, ndani ya shule za umma zilizopo, zikiwemo za makanisa zilizo chini ya mkataba wa 1977 kati ya makanisa na serikali, ambazo ndizo nyingi. Mwalimu wake alipwe kupitia Dinacope, idara ya serikali inayoandaa mishahara ya walimu, kama wengine. Najua jibu litakalokuja: kuna walimu wa msingi wanaofundisha miaka bila mshahara. Ni kweli, na walipwe. Lakini sababu hiyo ikikubaliwa, zamu ya wadogo haitafika kamwe.

Kikao cha bunge cha Septemba ndicho cha bajeti. Wabunge wa mkoa wetu wa Haut-Katanga waulize mle ndani: materneli imepangiwa kiasi gani, na mwaka uliopita kilitoka kiasi gani?