Baba Mkwe Alivyonipita Kitonga kwa Miguu

Sawa. Klipu ya baba mkwe akilipita gari langu kwa miguu kwenye mlima wa Kitonga mmeiona, mmecheka, na wengine mmeipachika wimbo wa msibani. Sasa niacheni nieleze mwenyewe, maana yule aliyeirekodi (mnamjua, simtaji, nina deni langu kwake) ameanzia katikati, na hilo analosema kwamba gari liliishiwa mafuta ni uongo. Tangi nilijaza Morogoro. Kilichoisha ni heshima.

Gari mnalijua. Vitz, ile ya toleo la pili, injini 1KR, cc 996, pistoni tatu. Shikeni hiyo tatu, ilitajwa sana siku ile. Kiwandani lilitoka na tairi za 165/70 rimu 14, ambazo ukiliona kwa mbali unadhani limevaa ndala. Mimi nikaona haiwezekani. Nikapata za mtumba pale Gerezani, Dar: rimu 17, nyeusi, ukingo unang'aa, na tairi za 205/50 zenye meno yake yote. Fundi akakuna kichwa, akasema zitagusa fenda. Nikamwambia inua. Akaweka spesa (vipande vya kuinulia gari) kwenye springi, akakata plastiki za ndani ya fenda, gari likasimama kifua mbele. Ndiyo, lilianza kuwa zito kuondoka kwenye mataa. Nikasingizia plagi, nikabadilisha plagi. Likabaki vilevile, nikasingizia kituo cha mafuta.

Wakwe zangu walikuja Dar kumwona mjukuu. Siku ya kurudi Iringa nikakataa katakata wasipande basi. Wapande basi, na mimi mwenye rimu 17 nipo? Mke wangu akabaki na mtoto, rafiki yangu, huyohuyo wa klipu, akaomba lifti. Baba mkwe, niwakumbushe, ni dereva mstaafu wa malori ya Zambia. Asubuhi alilizunguka gari mara moja, akaligusa tairi kwa ncha ya kiatu, akasema "Mh." Akaingia, akafunga mkanda. Wenye wakwe mnaijua hiyo mh.

Kabla ya Mikumi tukapigwa tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo. Eneo la 50, mshale wangu upo 50 kamili, trafiki ananionyesha 54. Nikaanza kubishana. Mzee akanigusa bega taratibu: "Baba, lipa. Spidi mita inahesabu mizunguko tu. Haijui kama tairi limekua."

Elfu thelathini hiyo. Na ni kweli tupu: tairi la zamani lina kipenyo cha kama milimita 587, hili jipya 637. Kila linapozunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, kwa zaidi ya asilimia nane, na dashibodi haina habari. Ubaya wake mwingine ni kwamba hata gia ya kuondokea inakuwa ndefu kwa kiasi hichohicho, yaani injini inabeba kila kitu ikiwa imeshika mpini mfupi. Lakini hilo nilikuwa silijui bado. Nilidhani tochi ni mbovu.

Ruaha Mbuyuni mama akanunua vitunguu. Si kilo mbili, jamani, nusu gunia. Vikaingia kwenye buti pamoja na tairi moja la zamani nililolifanya spea.

Sasa Kitonga. Asiyepajua: barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na malori ya Zambia na Congo yanapanda yamefuatana, kwa mwendo ambao utingo anaweza kushuka, akachimba dawa, akalikuta lori lake palepale. Sehemu ya kwanza tulipanda kwa ile kasi tuliyotoka nayo chini. AC nilizima kimyakimya, nikasema hewa ya mlimani ni tamu. Mzee akasema "Mh" ya pili.

Kwenye kona, lori la salfa lililokuwa mbele yetu likasimama. Nami nikasimama.

Lori likaondoka.

Nikaachia breki, nikakanyaga mafuta. Kwanza tukarudi nyuma. Kidogo tu, kiasi cha hatua moja, lakini nyuma. (Sehemu hiyo hamkuiona kwenye klipu kwa sababu mpiga picha wenu alikuwa analitaja jina la Yesu.) Nikakanyaga mpaka mwisho. Injini ikapandisha sauti, ikafika pale gia boksi za CVT, zile za otomatiki zisizo na gia za kuhesabu, zinapobaki na mlio mmoja usiobadilika, vuuuuuu, na gari likatulia. Haliendi mbele, halirudi nyuma. Pistoni tatu zinalia kwa uchungu, na zile rimu, nazionea kwenye kioo cha pembeni, zinang'aa tu, hazina habari.

Nyuma lori likapiga honi. Nikavuta handibreki.

Kijana akaja anatembea, jiwe mkono mmoja, karanga mkono wa pili. Akaweka jiwe nyuma ya tairi. Akainama dirishani. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Mimi akanitazama, akazitazama rimu, akanitazama tena. "Bosi, rimu kali." Akatafuna. "Shusha watu, bosi."

Kimya.

Halafu nikasikia kitu ambacho hadi leo nakisikia nikilala: mkanda wa baba mkwe, *klak*. Akashuka. Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, muda wote huo mimi nimeshika usukani kwa mikono miwili na siendi popote. Akamfungulia mama mlango. Mama akauliza, "Na vitunguu?" Mzee akajibu, "Vibaki. Vitunguu havina miguu."

Gari likaondoka. Mnaocheka, andikeni pia kwamba liliondoka. Ila mwendo wake ulikuwa sawasawa na wa mzee, kwa hiyo tukapanda pamoja, yeye pembeni ya dirisha langu, mikono nyuma, ananiuliza habari za kazini. Mtu anakupandia mlima kwa miguu kwa sababu ya rimu zako, halafu anauliza kama mshahara unatoka kwa wakati! Nikamjibu, "Unatoka, baba, shikamoo." Sijui shikamoo ilitokea wapi.

Halafu akanipita.

Hakukimbia. Aliongeza hatua tu, akaniacha, akafika kwenye lori la mbele, dereva akamtambua. "Kamwene, mzee!" "Kamwene!" Wakasalimiana hivyo kwa Kihehe, lori likapiga honi ya furaha, wote wakageuka kunitazama. Hiyo ndiyo sehemu mliyoiona.

Mengine ni mafupi. Mwinuko ulipopungua wakapanda gari, Ilula tukapita, Iringa tukafika, ugali ukaliwa. Kesho yake mzee akanipeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu mwenye mizani. Tairi la zamani na rimu yake: kilo 13 na nusu. Jipya: 21. Kilo saba na nusu, mara nne, 30. Na uzito wa gurudumu, mzee akaeleza huku yule wa chuma chakavu akitikisa kichwa kama mwanafunzi, haubebwi tu. Unabebwa na unazungushwa. Ukiwa kule ukingoni, wakati wa kuondoka injini inausikia karibu mara mbili. Kwa hiyo Kitonga nilipanda na kama abiria wa ziada wa kilo 60, na ndiye pekee ambaye hakushuka.

Nimerudi kwenye ndala, Vitz inaondoka kwenye mataa kama zamani. Rimu zinauzwa: 17, tundu nne, PCD 100 (kipenyo cha duara la hizo tundu, kwa milimita), hazijapinda. Anayezitaka aje inbox, ila zipo Iringa. Anazitunza baba mkwe, na ameshasema kila mteja atamuuliza kwanza gari lake lina pistoni ngapi.