Farasi 24 na mzizi mmoja

Wale wote niliowafundisha fizikia naomba waishie hapa kusoma. Nimesimama mbele ya ubao miaka 31, nimechora bembea yenye mtoto mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, nimezungushia kalamu nyekundu majibu ya watu wasiojua tofauti ya nguvu na uzito. Sasa nimestaafu, nipo Mkuranga, na nusu ya kitongoji imeshaniona juu ya trekta lililokaa kama mbwa mlangoni: makalio chini, pua juu.

Eneo langu ni ekari tatu za mchanga, na mikorosho aliyoipanda marehemu baba. Tulipoanza kujenga, zilihitajika kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kuchimba shimo la maji taka nyuma ya nyumba. Ya pili ni kuondoa kisiki cha mkorosho kilichokaa mahali pale pale fundi alipochora shimo, kana kwamba kiliambiwa kabla yetu. Mke wangu akasema tukodi kijiko kwa nusu siku, mambo yaishe. Akaja pia kijana mmoja wa jirani, nitamwita Kijana wa Chepe kwa kuwa sijawahi kumwona bila chepe begani. Akazunguka kisiki, akakigonga kwa kisigino, akataja bei yake kwa futi.

Nikamwambia, "Mwanangu, dunia imebadilika. Siku hizi ni mashine."

Akasema, "Sawa, mwalimu. Mimi nipo."

Ile "nipo" niliisikia kama heshima. Kumbe alikuwa anaweka miadi.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaugua. Kiinua mgongo kikiingia, kila mstaafu hupata ugonjwa wake. Mwenzangu mmoja alinunua daladala, mwingine akaoa. Mimi nilitaka trekta dogo la nyumbani, lenye kijiko mbele cha kuzolea na mkono nyuma wa kuchimbia. Mama watoto alipouliza baada ya kuchimba shimo tutalifanyia nini, nilimpa orodha iliyojaza karatasi nzima, mbele na nyuma. Namba tisa ilikuwa "kunyanyua vitu vizito". Akauliza, vitu gani? Nikamwambia vitu vizito havitabiriki.

Yadi niliyoikuta Dar es Salaam ilikuwa na matrekta madogo yaliyotumika Japani, yale yaliyozeeka kwenye mashamba ya mpunga ya wenzetu yakaja kuanza ujana mpya kwetu. Vibandiko vyote ni vya Kijapani. Dalali hakijui, mimi sikijui, lakini tuliyasoma pamoja kwa sauti ya watu wanaoelewa. Kitu pekee kilichoeleweka kilikuwa kwenye gia: mchoro wa kobe kwa mwendo wa pole na mchoro wa sungura kwa mwendo wa kasi. Nikafurahi sana. Nilijiona nimefika kwenye mashine iliyotengenezwa na watu wanaojua hadithi zetu.

Yalibaki mawili ya kuchagua. La kwanza lilikuwa na nguvu za farasi 18, jeusi la kutu, nene, limekaa chini kama kiboko. La pili lilikuwa farasi 24, jepesi, limepigwa rangi upya mpaka na boliti zake. Sasa mtu aliyefundisha kwamba farasi mmoja ni wati 746 anachaguaje? Nikazidisha palepale kichwani, nikapata zaidi ya wati 17,900, nikamtajia dalali. Dalali akashika kifua akasema, "Mwalimu, wewe umesoma." Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuniokoa.

James Watt, yule Mskoti aliyepima kazi ya farasi mwishoni mwa karne ya 18, aliwapima wakizungusha vinu. Hakuwapima kwenye mchanga wa Mkuranga. Hilo silo nililolifikiria siku ile.

Bado sijamaliza kujidhalilisha. Magurudumu ya nyuma ya lile trekta yalikuwa yamefungwa vyuma vizito vya mviringo, viwili kila upande, kama chapati za chuma. Nikauliza ni vya nini. Dalali akasema, "Urembo wa Wajapani tu, boss." Nikapiga hesabu ya dizeli: ya nini kubeba mzigo usiolipa nauli? Nikamwambia avifungue. Alivifungua haraka mno kwa mtu aliyekuwa analalamika kiuno tangu asubuhi.

Mkono wa kuchimbia tuliupata yadi ya jirani, mpya, wa Kichina, unashikwa na mikono mitatu ya nyuma ya trekta, ile inayobeba jembe, na una pampu yake inayozungushwa na shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu ya injini nyuma ya trekta. Fundi aliyeufunga aliniuliza kama nataka atengeneze fremu ya chuma ipite chini ya trekta ili mkono ushikwe na mwili mzima. Nikauliza bei. Aliponitajia, nikamwambia mikono mitatu inatosha, hata meza ya miguu mitatu haiyumbi. Hiyo ya meza ni kweli kabisa, na niliwahi kuitungia swali la mtihani. Bei ya jumla siitaji hapa, maana mama watoto anasoma kila ninachoandika.

Trekta lilishushwa na Fuso jioni. Watoto wakakimbia nyuma yake, kuku wakapotea. Miongoni mwa waliokuja kutazama alikuwemo mzee mmoja aliyeendesha matrekta kwenye mashamba ya mkonge enzi za ujana wake. Alilizunguka mara mbili, mikono nyuma, bila neno. Akaminya tairi la nyuma kwa kidole gumba. Kisha akauliza, "Umelijaza maji?"

Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Rejeta imejaa, nimekagua mwenyewe."

"Marahaba. Rejeta sijaiuliza," akasema, akaondoka zake.

Nikamwambia mke wangu, uzee ni kitu kibaya.

Kesho yake Jumamosi niliamka mapema kama bwana harusi. Mke wangu alinifungashia mandazi na chupa ya chai. Kwa kuwa kuku wetu hawana adabu, nikaviweka ndani ya kijiko cha mbele, nikakiinua mpaka juu kabisa ambako hakuna kuku anayefika. Sikujali kwamba kijiko cha namna ile kikifika juu hujikunjia chenyewe kumwelekea dereva. Nikageuka, nikakaa kwenye kiti cha nyuma kilichotazama kisiki, nikashusha miguu miwili ya pembeni ikagusa mchanga, nikaanza.

Saa ya kwanza sitaki mtu aniharibie. Nilichimba vizuri. Levu moja unashusha mkono, nyingine unakunja ndoo, mchanga unakuja kama pilau kwenye upawa. Nilikwenda futi tatu hivi. Kijana wa Chepe alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mkorosho mwingine, anatafuna muwa, ananitazama kwa upole. Nikampungia mkono. Akanipungia muwa.

Kisha meno ya ndoo yakanasa mzizi.

Mkorosho ni mti mnafiki. Ukitazama matawi unadhani umeuona wote, kumbe mizizi yake ya pembeni inakwenda mbali kupita kivuli chake, na katikati ameshindilia mmoja unaotafuta maji chini huko. Mzizi wenyewe ulikuwa unene wa paja langu. Nikaweka ndoo nyuma yake, nikaongeza moto, nikavuta levu.

Kwa sekunde chache hakikutokea kitu. Trekta likatetemeka, moshi mweusi ukapanda, nikahisi farasi wote 24 wameinama kwenye kamba. Kisha nikaona mzizi unasogea kuja kwangu. Nikapiga kelele za ushindi. Nikavuta zaidi, ukaja zaidi. Ni pale nilipotazama pembeni nikaona ile miguu miwili inalima mistari miwili mizuri mchangani ndipo nilipoelewa kwamba mzizi haujatoka mahali pake. Ni mimi niliyekuwa nakwenda kwake.

Newton aliliandika jambo hili mwaka 1687. Mimi nimelifundisha kila mwaka, kwa mchoro: ukivuta kitu, nacho kinakuvuta kwa nguvu ile ile. Atakayesogea ni mwepesi. Sasa hapa tulikuwa wawili, mkorosho uliopandwa na baba na trekta lililopunguziwa chapati za chuma.

Mtu mwenye akili angeachia levu. Mimi mkono wangu uliganda. Tairi la nyuma la kushoto likafika ukingo wa shimo, mchanga ukamegeka kwa taratibu zote, na makalio ya trekta yakaketi ndani. Pua ikapanda. Magurudumu ya mbele yakabaki yanazunguka hewani kidogo kidogo. Kiti changu kikawa kinatazama chini ya shimo, na mimi nimekumbatia levu zote kama mtu anayevuka mto.

Hapo ndipo kitu cha moto kiliponimwagikia mgongoni.

Nilijua ni nini. Fundi alikuwa ameniambia kwamba mpira wa oili ukipasuka, oili inatoka kwa kasi ya kukata nyama. Niliruka kutoka pale kwa wepesi ambao daktari wangu wa magoti hataki kuuamini. "Oili! Oili imepasuka! Msisogee! Rudisheni watoto!" Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, wakarudi nyuma hatua kumi. Nikajirusha mchangani, nikajiviringisha kama nilivyoona kwenye mafunzo ya zimamoto. Mgongo wote umelowa. Nikamwita mke wangu nimuage.

Mjukuu wangu wa miaka sita, ambaye hakusikia neno "msisogee" kwa sababu hajawahi kulisikia, alikuja akaniinamia. Akagusa shati langu kwa kidole, akakilamba.

"Babu," akasema, "oili yako ina tangawizi."

Watu wote wakanyamaza. Halafu andazi moja, lililokuwa limekwama kwenye boneti, likateleza, likaja likasimama karibu na sikio langu. Jogoo akalichukua.

Kilichofuata nakipita upesi. Kamba ya katani ilipatikana, vijana wanane wakapatikana, na kati yao wawili ni wanafunzi wangu. Mmoja aliuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, hii si ndiyo ile momenti ya bembea?" Mwenzake akamkanyaga mguu. Walivuta, trekta likazama zaidi. Wakavuta kwa wimbo, likazama kwa wimbo. Mke wangu alisimama kwenye kibaraza, khanga mdomoni, mabega yakitikisika, na mimi nilichagua kuamini kwamba analia.

Ndipo Kijana wa Chepe akatupa ganda la muwa, akasimama, akajipangusa. Hakuvuta kamba. Alikwenda mbele ya tairi lililozama akachimba njia ya mteremko, pole pole, akitupa mchanga upande mmoja tu, akapanga makuti na magogo chini. Ilimchukua kama saa na nusu. Kisha akasema, "Sasa vuteni." Likatoka kama mtoto anayeamshwa kwenda shule.

Akachukua futi kamba yake akalipima shimo. Nikamwambia, "Futi tatu za juu nilichimba mimi."

"Nimeziona, mwalimu. Hizo sizihesabu." Akapima na ile njia ya mteremko. "Hizi za mgonjwa nazihesabu. Na kisiki kina bei yake."

Alikimaliza kisiki kwa siku mbili, kwa shoka, sururu na mtarimbo, akikata mzizi mmoja mmoja. Shimo likamalizika siku ya tano. Trekta lilikaa pembeni limefunikwa turubai, na kila aliyepita njiani aliuliza hali yake kama vile kuna mtu amelazwa.

Nilimpigia dalali kuhusu chapati zangu za chuma. Alinijibu kwa furaha kwamba zilipata mteja wa chuma chakavu siku ile ile, hata mimi sijafika Mbagala.

Basi nikavaa kofia, nikaenda kwa mzee wa mkonge. Sikuanza na habari ya trekta, nilianza na ya mvua. Aliniacha niizunguke mvua yote mpaka nikamaliza, kisha akainuka akachukua fimbo yake. Tulipofika nyumbani aliniambia nisukume trekta mpaka kichwa cha kujazia upepo cha tairi la nyuma kifike juu kabisa. Akakifungua, akatoa upepo, akaomba maji na mpira.

"Robo tatu ya tairi ni maji," akasema, "inayobaki ni upepo. Mkonge wote ule tuliulima hivyo. Wewe ulidhani tairi ni la kuogelea?"

Presha ya bomba ilikuwa ndogo, kwa hiyo ikabidi ndoo. Tairi moja lilimeza ndoo tano na likaonekana bado lina kiu. Mimi nachota, mzee anamimina kwa faneli kwenye mpira, mama watoto anabeba. Alipofika na ndoo ya sita aliitua chini, akajishika kiuno, akalitazama lile trekta kutoka kwenye taa za mbele mpaka kwenye mkono wa kuchimbia.

"Baba watoto," akaniuliza, "farasi 24, tangu umewaleta hapa, ndio kwanza unawapa maji leo?"