Seva ya nyumbani: kwenye muvi sawa, kwenye picha za familia tuongee kwanza

Siku hizi kuna ushauri unazunguka sana kwa vijana wa IT, eti nunua zile kompyuta ndogo za ofisi za mtumba, Dell au HP au Lenovo, piga Linux (mfumo endeshi wa bure), weka Jellyfin ya kurushia muvi kwenye TV na Immich ya kuhifadhi picha, hiyo ndo iwe seva yako ya nyumbani, halafu achana na malipo yote ya kila mwezi ya huduma za mtandaoni. Mimi nakubaliana nao nusu. Nusu nyingine naona hawaisemi kwa sababu wengi wao wanaishi peke yao.

Wanapopatia ni kwamba kifaa unalipia wewe ila mwenye maamuzi yuko mbali huko. Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili, vile vidude vya Google vya kuchomeka kwenye TV ili urushe video toka kwenye simu, ziligoma kila sehemu sababu tu cheti cha usalama kilichomo ndani kilifika mwisho wa muda wake, TV nzima, net ipo, ila kurusha kitu haiwezekani mpaka Google warekebishe. Mwezi uliofuata tu Plex, programu ya seva za muvi, nao wakapandisha leseni ya maisha kutoka dola 119.99 mpaka 249.99, na muvi zako mwenyewe, ziko kwenye diski yako mwenyewe, ukitaka kuziangalia ukiwa nje ya nyumba ikawa ni ya kulipia. Ndo maana watu wanakimbilia Jellyfin, ambayo nayo ilizaliwa Desemba 2018 baada ya Emby, programu nyingine ya aina hiyo, kuacha kuwa programu huria.

Halafu kuna hili la huku kwetu. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu net ikawa ya kusuasua Tanzania nzima, lakini mwenye muvi zake ndani alikuwa anaangalia kama kawaida, maana TV na seva vinaongea kupitia rauta, bando haiguswi kabisa. (Muvi umezitoa wapi hilo hatuulizani, ila kuziweka kwenye seva hakuzifanyi ziwe halali.)

Kwa hiyo kwenye muvi sina ubishi, ila watu wasidanganyane na Raspberry Pi, kile kikompyuta cha ukubwa wa kadi. Hata Pi 5 kwenye chipu yake haina sehemu ya kutengeneza video upya, sasa TV ya zamani isiyojua HEVC (mfumo mpya zaidi wa kubana video) ikiomba muvi, seva inabidi iibadilishe palepale kwa nguvu ya prosesa tupu na picha inaanza kukatakata. Prosesa ya Intel ya kizazi cha 7 au cha 8 ina Quick Sync, sehemu maalumu ya kubadilisha video, kazi hiyohiyo inaifanya bila hata feni kupiga kelele. Na sabtaito nazo, zile za Blu-ray ambazo ni picha sio maandishi, zinaweza kulazimisha video nzima ibadilishwe, unabaki unashangaa mbona jana muvi ileile ilicheza fresh.

Umeme watu wanauogopa bure. Mashine ya hivyo ikiwa imetulia inakula wati 10 hivi, yani uniti 7 kwa mwezi. Labda uwe ule mteja wa Tanesco wa D1, wale wa matumizi madogo, ambaye uniti 75 za kwanza ni shilingi 100 moja moja na zinazozidi ni 350, hapo uniti 7 zinaweza kukuvusha mstari. Kinachoumiza ni umeme kukatika ghafla diski ikiwa inaandika. UPS (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika) sio anasa hapa, na ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, uweke mashine ijiwashe yenyewe umeme ukirudi.

Sasa upande ambao hausemwi. Ukiweka Pi-hole, programu ya kuzuia matangazo ambayo kila jina la tovuti linapitia kwake kabla ya kufunguka, na rauta ikawa inaitegemea hiyo tu, siku ikizima simu za nyumba nzima zinaonyesha waifai ipo ila hakuna kinachofunguka, wewe uko Dodoma kikazi, mama watoto anapiga anauliza net imefanyaje, na hapo ndo unaanza kumwelekeza kwa simu jinsi ya kuingia kwenye rauta. Huo muda wako hakuna anayeuhesabu kwenye zile hesabu za kuokoa hela.

Kuifikia seva ukiwa nje ya nyumba nako kuna mambo. Mitandao mingi inakuweka nyuma ya CGNAT, anwani moja mnashea wateja kibao, kwa hiyo kufungua poti (mlango wa kuingilia toka nje) kwenye rauta hakusaidii, unaishia Tailscale au WireGuard, ambazo ni VPN, yani njia binafsi ya kupita mtandaoni mpaka nyumbani, na Oktoba 2023 TCRA, wasimamizi wa mawasiliano Tanzania, walishatangaza watumiaji wa VPN watoe taarifa. Na kufungua poti hata ukiweza, fikiria mara mbili. Lile sakata la kudukuliwa kwa LastPass, kampuni ya kutunza nywila, la 2022, injinia wao aliingiliwa kupitia kompyuta ya nyumbani yenye Plex ya zamani, tobo ambalo Plex walishaliziba tangu 2020, yeye tu hakuapdeti.

Picha ndo zinanitia wasiwasi zaidi. Najua hasira ya Google kufuta stoo ya bure isiyo na kikomo Juni 2021 na kutuachia GB 15, lakini GB 100 kwa bei ya Marekani ni dola 1.99 kwa mwezi, kwa hela hiyo diski ya pili ya nakala tu itakuchukua miaka kujilipa. Na lazima iwepo ya pili, tena isikae hapohapo, maana mwizi akiingia anabeba mashine na diski ya pembeni yake kwa pamoja, RAID (diski kadhaa kushika kitu kilekile ndani ya mashine moja) haimzuii. Hata watengenezaji wa Immich wenyewe wanasisitiza picha zako ziwe na nakala nyingine kila wakati.

Ningekuwa naanza leo, muvi zote ziende kwenye seva, Pi-hole iwe kwenye vifaa vyangu tu, picha zibaki klaudi na seva ishike nakala. Anayetaka kuhama kabisa na afanye hivi kwanza: achukue diski ya nakala, aichomeke kwenye kompyuta nyingine kabisa, ajaribu kurudisha picha za mwaka jana. Zikigoma, asiguse akaunti ya Google.