"Uzee tu" si jibu la daktari

Kila nikisikia mzee amerudishwa nyumbani kutoka zahanati kwa kauli ya "uzee tu", hasira hunipanda. Kusahau ulipoweka miwani, sawa, ni uzee. Lakini kuuliza swali lilelile mara nne kabla chai haijapoa, au kupotea kwenye njia ya msikitini aliyoipita miaka 30, huo ni ugonjwa.

Wengine husema Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, haiponi, sasa apimwe ya nini? Kweli, haiponi. Hata dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, hupunguza kasi tu, nayo hupewa walio hatua za mwanzo. Ila nani kakwambia ni Alzheimer?

Homoni ya tezi ya shingo ikipungua, mtu husahau. Vitamini B12 ikipungua, vivyo hivyo, na metformin wanayoimeza wagonjwa wa kisukari miaka nenda rudi inaweza kuishusha. Kuna sonona, VVU, kaswende ya zamani. Aliyeteleza bafuni akagonga kichwa anaweza kuvujia damu ndani polepole, akaanza kuchanganyikiwa wiki kadhaa baadaye. Picha ya CT huionyesha, na upasuaji huiondoa. Halafu kuna Piriton, dawa ya mzio na mafua, ambayo wazee humeza kila usiku wapate usingizi. Inazuia kazi ya kemikali ileile ya ubongo inayopungua kwa mgonjwa wa Alzheimer! Amitriptyline, dawa ya sonona na maumivu ya neva, nayo hivyo hivyo. Haya yote yanatibika au yanaachishwa, mradi yasiachwe miaka.

Kwa hiyo andikeni kwenye daftari kwa wiki mbili: kasahau nini, saa ngapi, kala dawa gani. Siku ya kliniki bebeni dawa zote kwenye mfuko, hata za duka la mtaani. Masikio yaangaliwe nta, maana asiyesikia huonekana msahaulifu. Ulizeni vipimo vya damu kimoja kimoja: homoni ya tezi, B12, VVU na kaswende.

Na mzee asiyewahi kushika kalamu asipimwe kumbukumbu kwa kuambiwa achore saa. Kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa kwa utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, humpa njiti nne za kiberiti azipange kwa kufuata mfano, humtaka ataje wanyama kwa dakika moja, kisha akumbuke maneno 10 aliyosomewa.

Ikithibitika ni Alzheimer, mapema ndiyo nafasi ya mzee kusema mwenyewe, mbele ya mashahidi, shamba ni la nani na pensheni atamchukulia nani. Mkichelewa, ndugu watagombania sahihi aliyoiweka bila kujua anasaini nini.